Njia Haipangwi kwa Rula: Mjomba wa Baiskeli Anajibu

Barua za safari hii karibu zote zinaimba wimbo mmoja: Mjomba, nipite wapi? Nimechukua tano. Yule aliyeuliza kama baiskeli nyekundu hukimbia kuliko ya bluu atanisamehe, jibu lake ni refu mno.

Mjomba, shikamoo. Mwakani nina likizo ya siku 40 kuanzia mwisho wa Mei. Nataka kuimaliza njia ya EuroVelo 6 yote, kutoka pwani ya Atlantiki kule Ufaransa hadi Bahari Nyeusi nchini Romania. Nimepima kwenye ramani nikapata kilomita 4,000 na kitu, yaani 100 kwa siku. Kilomita 100 mimi humaliza kila Jumapili kabla ya saa saba mchana na nguvu zinabaki. Mpango wangu uko sawa? — Mwana wa Jumapili

Marahaba, mpwa wangu. Kugawanya umegawanya sawasawa. Tatizo ni hizo siku 40 ulizozigawia.

Likizo ya siku 40 haina siku 40 za baiskeli. Mbili za mwanzo zinaliwa na ndege, na kuitoa baiskeli kwenye boksi, na kugundua kwamba kile kichuma kinachoshikilia gia za nyuma kimepinda njiani. Mbili za mwisho zinaliwa na kutafuta boksi jingine. Katika kila siku saba, moja ni ya kufua, kulala na kukaza skrubu. Hizo ni tano. Mvua ya kutwa nzima, tumbo, goti, pancha tatu ndani ya saa moja: tenga nyingine tatu, na zisipotumika nitakupongeza. Zimebaki 28.

Sasa hizo kilomita 100. Jumapili unatoka na chupa ya maji na simu. Safarini utatoka na hema, nguo, vifaa na chakula, kilo 20 zimekaa juu ya keria. Mtu wa kawaida mwenye mzigo huo, kwenye tambarare, huenda kama kilomita 15 kwa saa. Kilomita 100 ni karibu saa saba za kukanyaga tu, hujala, hujajaza maji, hujapotea. Jumatatu utaweza. Jumanne utaweza. Alhamisi goti litaanza kukuuliza maswali. Mimi hupanga 70, na siku 28 mara 70 ni 1,960. Haifiki nusu ya mstari uliouchora.

Kwa hiyo chagua kipande. Ningekuwa wewe, Ufaransa ningeiachia likizo nyingine, nikaanzia Donaueschingen, kusini mwa Ujerumani, mahali vijito viwili, Brigach na Breg, vinapokutana na kuitwa Danube. Kutoka pale mpaka Budapest, Hungaria, ni kama kilomita 1,300, mpaka Belgrade, Serbia, kama 1,800. Unaona uzuri wake? Ukichelewa unaishia Budapest, ukiwahi unaendelea, na sehemu kubwa ya njia kuna kituo cha treni si mbali na mto. Mimi nazipenda njia zenye miisho miwili au mitatu. Njia yenye mwisho mmoja humfanya mtu aendeshe na homa.

Acha nikupe utamu mmoja wa huko. Siku ya kwanza tu, karibu na Immendingen, mto unavuja. Nilifika mwezi wa Agosti, nikailaza baiskeli ukingoni, nikatembea katikati ya mto Danube na viatu vikavu, mawe meupe yakilia chini ya soli. Maji huzama ndani ya miamba ya chokaa, yakaibuka kama kilomita 12 kusini kwenye chemchemi ya mto Aach, na mwishowe yakaingia mto Rhine. Kwa hiyo sehemu ya maji inakwenda Bahari Nyeusi na nyingine inakwenda Bahari ya Kaskazini. Ukiambiwa "we fuata mto tu", kumbuka kwamba hapo hata mto wenyewe umepotea njia.

Halafu kuna uongo mtamu unaosambazwa na watu ambao hawajafika: kwamba ukifuata mto kuelekea baharini, safari nzima ni mteremko. Passau, mji wa Ujerumani mpakani na Austria, iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, Vienna kama mita 160. Katikati kuna zaidi ya kilomita 300. Piga hesabu: ni chini ya nusu mita kwa kila kilomita. Huenda sakafu ya bafu lako inateremka kuliko hapo. Upepo mdogo tu wa usoni unaifuta faida yote.

Kitu cha kukipanga kwa makini zaidi kandokando ya mto ni ukingo. Mto una kushoto na kulia, na njia nzuri huruka kutoka huku kwenda kule. Chini ya Passau, pale Schlögen ambapo Danube inajikunja kama mkono uliokunjwa kiwikoni, upande wa kushoto njia inakatika na unavushwa kwa boti ndogo pamoja na baiskeli yako. Boti kama hizo zina msimu wake na saa zake. Kwenye ramani yako tia alama kila daraja na kila kivuko, na kando yake andika saa ya mwisho ya kuvusha. Mimi niliwahi kufika kwenye kivuko dakika kumi baada ya boti kufunga kazi. Nahodha namwona kabisa ng'ambo, anamwagilia maua yake. Nikapunga mkono, naye kwa adabu zote akanipungia. Nilirudi kilomita 14 mpaka darajani.

Mwisho wa Mei ni wakati mzuri, ila theluji ya milimani inayeyuka na mto unaweza kujaa. Ukifika Passau, tazama ukuta wa jengo la halmashauri ya mji pale karibu na maji: pana alama za mafuriko ya karne nyingi, na ya Juni 2013 iko juu kabisa, jirani na ya mwaka 1501. Kwa hiyo kwa kila siku ya ukingoni, jua barabara ya juu iko wapi.

Na karatasi. Karatasi nazo zinachora njia, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kama unahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, unaiomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa mpango wako wa kwanza pengine ingekuwa Ufaransa, kwa huu wangu ni Ujerumani. Umeona? Hujakanyaga pedali hata moja, njia imekwisha kukubadilishia ubalozi. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Kisha tazama mpaka wa Serbia. Hungaria imo Schengen, Kroatia imeingia 2023, na tangu tarehe 1 Januari 2025 Romania na Bulgaria zimo kikamilifu. Serbia haimo. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishavuka kuingia Serbia, viza yake imekufa hata kama imebakiza siku 30, na Romania hatapita. Kwa hiyo kama unapanga kupita Serbia halafu uendelee mpaka baharini, omba viza ya kuingia mara nyingi, na uonyeshe kwenye ratiba kwa nini unaihitaji. Ukipewa ya mara moja, maliza Budapest, au maliza Belgrade na upande ndege hapohapo. Serbia nayo ina masharti yake ya kuingia; uliza ubalozini kwao kabla hujanunua tiketi.

Kitu cha mwisho kwako. Kwenye ukingo wa Danube utaona vibao vyenye namba za kilomita, vimewekwa kwa ajili ya meli. Vinahesabiwa kutoka baharini, kutoka Sulina kule Romania, kupanda juu. Vienna ni kama 1,929, Budapest 1,647, Belgrade 1,170. Usiruhusu namba hizo zikutie wazimu ukaanza kuzikimbiza. Mimi zilinitia.

Mjomba, usinicheke. Mimi na mdogo wangu tunataka kuendesha ViaRhôna, ile njia ya baiskeli inayofuata mto Rhône, mwezi Juni. Tumepata tiketi za bei nzuri sana: kushukia Marseille na kurudi kutoka Geneva. Tumeshalipa. Sasa rafiki yetu anasema tumekosea upande. Kweli njia ina upande? — Aliyekwisha Kulipa

Sikucheki, binti yangu, maana kosa hilo nimelifanya kabla yako, na kwa sababu hiyohiyo ya bei nzuri.

ViaRhôna ina kama kilomita 815, kutoka ziwa Geneva hadi Mediterania, na ina upande. Katika bonde la chini la Rhône unavuma upepo uitwao mistral. Unatoka kaskazini, unabanwa kati ya milima ya Alps upande mmoja na Massif Central upande mwingine, unashuka kuelekea baharini kama maji kwenye bomba. Anayetoka Geneva anausikia mgongoni. Anayetoka Marseille, kama nilivyotoka mimi, anakula upepo wa omo mchana kutwa.

Ilikuwa Aprili. Kutoka Arles hadi Avignon ni kama kilomita 40, nami niliiandika kwenye daftari langu "asubuhi tu, mchana nitatembea mjini". Niliingia Avignon jioni. Kuna mteremko mdogo kwenye daraja moja ambao nilikanyaga pedali kwenye gia nyepesi kabisa ili nisisimame. Nikishuka kupumzika, baiskeli inasukumwa irudi ilikotoka. Hesabu yake ni hii: ukienda kilomita 15 kwa saa na upepo wa 40 usoni, hewa inakupiga kwa 55, na nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ni mara 13 ya siku tulivu. Miguu haijui fizikia, lakini mara 13 inaijua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nchi yenyewe ilikuwa imeniambia. Pembeni mwa barabara mashamba yamewekewa kuta za miti ya misipresi, mirefu, imebanana, yote upande wa kaskazini. Nyumba za zamani za wakulima zimeugeuzia upepo mgongo. Upande wa kaskazini hukuti dirisha, na likiwepo ni dogo kama la choo. Siku mbili nilipita katikati ya hayo yote nikidhani ni mapambo. Tangu hapo, nikipanga njia nchi nisiyoijua, nawatafuta kwanza wakulima wake wanakinga shamba upande gani. Picha za setilaiti zinaonyesha safu za miti vizuri kabisa.

Sasa tiketi zenu. Kwanza uliza gharama ya kuzigeuza, mshukie Geneva na mrudi kutoka Marseille. Wakati mwingine ni ndogo kuliko unavyoogopa. Ikishindikana, msiende kushindana na upepo kwa ajili ya heshima. Siku mbili za kwanza tembeeni Arles na mazingira yake, halafu pandeni treni ya mkoa, ile inayoitwa TER, hadi Valence au Lyon. Treni hizo hubeba baiskeli, ila majira ya joto kwenye baadhi ya njia ni lazima kuziwekea nafasi mapema. Kaskazini mwa Valence mistral hupungua makali, nanyi mtaendesha kwenda Geneva kwa amani.

Mtakuwa mmebakiza siku. Zitumieni upande wa juu wa ziwa. Geneva si mwisho wa Rhône, mto unaingia ziwani upande wa pili. Zungukeni ukingo wa kaskazini kwa Lausanne na Montreux, fuateni njia ya taifa ya Uswisi namba 1 hadi Martigny, ambapo bonde linapinda ghafla kama kona ya nyumba, kisha Sion na Brig. Na huku, binti yangu, upepo umegeuka! Mchana wa kiangazi jua likipasha miteremko ya milima, hewa huvutwa kutoka ziwani kupanda bonde. Kuanzia mchana hadi jioni mtakuwa mnasukumwa. Karibu na Martigny utaona miti imeinamia upande wa juu wa bonde. Hiyo ndiyo alama ya barabara ninayoiamini kuliko vibao. Asubuhi pumzikeni, nyweni chai, ondokeni adhuhuri. Kutoka Brig treni inawarudisha Geneva, na baiskeli nayo inakatiwa tiketi yake. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo viza ni hiyohiyo.

Mdogo wako akichoka kabla yako, mwendo ni wake. Ndugu wengi wamerudi nyumbani hawasemezani kwa sababu ya kilomita 20 za ziada.

Salaam Mjomba. Programu ya simu ilinipitisha "njia ya baiskeli" iliyoishia kwenye ngazi 90 za mawe. Nilibeba mifuko kwanza, kisha baiskeli, mara mbili. Niiamini tena? Au nirudi kwenye ramani ya karatasi? — Begani

Wa alaikum salaam, Begani. Pole kwa bega.

Programu nyingi za njia za baiskeli zinachota kutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na inayochorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Ni kazi ya ajabu, mara nyingine ina vijia ambavyo hata jirani wa mahali pale havijui. Lakini kila mstari unategemea aliyeuchora ameandika nini: lami, changarawe, udongo, ngazi. Akisahau kuandika, programu inakisia, nayo hukisia kwa matumaini mno. Haijawahi kubeba kitu begani.

Kwa hiyo usiiulize njia nzima kwa mpigo mmoja. Mimi huichora nyumbani kwenye kompyuta, siku moja faili moja. Faili likiwa la siku 30, ukikosea siku ya pili, mengine yote yanakuwa kelele. Kisha naikuza picha na kupita na kidole polepole, nikitafuta mambo matatu: mahali mstari unapoacha barabara na kuingia kwenye nukta nyembamba, mahali unapokatiza reli au mto, na mahali unapojibandika kwenye barabara kuu ya magari ya mwendo kasi, ambako baiskeli mara nyingi hairuhusiwi. Hapo nawasha picha za setilaiti. Kijia kikipotea chini ya miti, nakitilia shaka. Kikionekana cheupe na kina upana wa gari, napita. Ngazi zako 90 zingeonekana kama ngozi ya samaki.

Usiziamini sana namba za vilima pia. Programu nyingi hupima mwinuko kutoka kwenye data ya uso wa ardhi. Barabara ikipita kwenye handaki chini ya mlima, programu inadhani unaupanda mlima. Niliwahi kufuta siku nzuri kabisa kando ya ziwa kwa sababu mchoro ulionyesha jino la mita 400. Lilikuwa handaki la tambarare. Na daraja juu ya korongo ni hivyohivyo, unaambiwa utashuka na kupanda, kumbe unapita juu. Ukiona jino jembamba lililosimama wima, litazame kwanza.

Mita za kupanda za kweli, mimi nazigeuza kuwa kilomita: kila mita 100 za kupanda nikiwa na mzigo nahesabu kilomita mbili za ziada. Siku ya kilomita 50 yenye mita 1,000 za kupanda ni siku ya 70. Kanuni hii ni ya magoti yangu. Jipimie yako kwenye kilima unachokijua, na mifuko ikiwa imejaa.

Karatasi usiitupe. Ramani ya karatasi ukiitandaza mezani unaona kitu ambacho simu haikuonyeshi: kilichoko pembeni. Ziwa lililoko kilomita tano nje ya mstari wako, reli ya kukuokoa, bonde jirani. Na simu, pakua ramani zote kabla, maana mtandao hukatika pale hasa unapouhitaji.

Ukitaka kupumzika na mambo haya yote, nenda Uholanzi au Ubelgiji. Kule makutano ya njia za baiskeli yana namba, na kibao katika kila makutano kinakuelekeza kwenye namba zinazofuata. Wazo lilitoka kwa mhandisi wa migodi huko Limburg ya Ubelgiji, kwa mfano wa makutano ya njia za chini ya ardhi. Usiku unaandika namba zako kwenye tepu ya karatasi, 48, 71, 23, 9, unaibandika kwenye bomba la juu la fremu. Simu inakaa mfukoni siku nzima. Ukipita namba, unaikwangua kwa kucha. Sijui kwa nini kukwangua huko kunanifurahisha hivyo, mtu mzima mimi.

Mjomba, nihifadhi mapema vitanda vya safari yote? — Mwoga wa Kulala Nje

Hapana. Usiku wa kwanza na wa pili, ndio, kwa sababu utakuwa umechoka na hujui kitu. Usiku wa mwisho na wa kabla yake pia, kwa sababu utahitaji mahali pa kufungia baiskeli. Maduka ya baiskeli mara nyingi hukupa boksi tupu bure ukipita siku moja kabla. Siku za katikati ukizihifadhi zote, upepo mmoja unakuangushia mpango kama vigae vya dhumna. Isipokuwa mwisho wa wiki wenye sikukuu: hapo hifadhi siku tatu kabla. Ubalozi ukitaka kuona mahali pa kulala kwa safari nzima, hifadhi panapokubali kufutwa bila malipo, na usiwadanganye kuhusu mji unaopitia. Wanajua ramani kuliko wewe.

Shikamoo Mjomba. Julai nakwenda Nordkapp, kaskazini kabisa mwa Norwei. Nimeona kwenye ramani kuna handaki chini ya bahari. Baiskeli inapita? Nina woga wa giza. — Mtoto wa Nuru

Marahaba. Inapita. Norwei ina mahandaki mengi, na mengine yamefungwa kwa baiskeli, kama lile la Lærdal lenye kilomita 24.5, kwa hiyo kila handaki kwenye njia yako liulizie kwanza na utafute barabara ya zamani inayolizunguka. Lakini hili la kwenda kisiwa cha Magerøya, kilipo Nordkapp, lililofunguliwa 1999, halina barabara nyingine pembeni. Pembeni ni bahari. Lina karibu kilomita 7 na linashuka hadi mita 212 chini ya usawa wa maji. Karibu kilomita tatu ni kushuka, katikati ni tambarare, kisha unazilipa zote kwa kupanda.

Taa zimo ndani, giza si la kukutisha. Kinachosumbua ni baridi na sauti. Vaa koti kabla hujaingia, maana ukishuka unaganda, na uwe tayari kulivua chini kabisa, maana ukipanda unatoka jasho. Washa taa ya nyuma, na vaa fulana yenye kuakisi mwanga. Julai kule jua halizami mpaka karibu na mwisho wa mwezi, kwa hiyo huna sababu ya kupita mchana pamoja na mabasi ya watalii. Pita saa kumi na moja alfajiri.

Mimi nilipita saa hiyo. Nilikuwa nimefika chini kabisa niliposikia lori nyuma yangu, ngurumo nzito inayojaza handaki lote. Nikashuka, nikaibana baiskeli ukutani, nikajibana na mimi. Nikasubiri. Ngurumo ikaongezeka, ikaongezeka, dakika nzima na zaidi, mpaka nikawa naisikia kwenye meno. Kisha kikapita kigari kidogo cha manjano cha posta, taratibu kabisa, na dereva akanipungia mkono.